Waya Chini ya Kiti cha Mwalimu

Same, Jumapili jioni

Mwanangu Namsifu,

Mama yako ameshakwambia ya sabuni, ya blanketi, ya kutokula ovyo njiani na ya kupiga simu ukifika. Ameyasema mara tatu na kesho alfajiri atayasema ya nne. Mimi hayo siyarudii. Nimekaa hapa gereji, mlango nimeufungua nusu kwa ajili ya huu upepo wetu wa Same, na nimetandika karatasi juu ya boneti la pikapu ya watu wa tangawizi. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla halijazama, maana barua hii ikilala nusu, nitaichana.

Kesho unakwenda Moshi kufanya kazi kwa Togolani. Haya, nimeliandika jina lake. Miaka kumi na minne sijalitamka. Nilikuwa namwita "yule mtu," na wewe ulipokuwa mdogo ukadhani Yule Mtu ndilo jina lake, ukamwombea kwenye sala ya chakula pamoja na bibi na shangazi. Mama yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka.

Umeniuliza mara nyingi, "Baba, kwani alikufanya nini?" Na kila mara nimekujibu kwamba aliniita mwizi mbele ya kanisa. Ni kweli, aliniita, na nikifumba macho namsikia mpaka leo. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nilichomfanyia mimi, na hiyo tunaijua watu wawili tu, mimi na yeye. Ukiingia kwake kesho bila kuijua, atakuwa anakijua kitu kinachokuhusu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Sikukubali hata siku moja uguse gari ambalo hujui limetoka kufanyiwa nini. Basi soma mpaka mwisho, hata nikikuudhi. Nitakuudhi.

Mimi na Togolani tulifundishwa umeme wa magari na fundi mmoja, tukala makande ya sufuria moja, tukafungua gereji moja, hii hii. Tuligombana kwa sababu ya mita ya kupimia umeme aliyotuachia fundi wetu alipozeeka. Aliiacha kwa wote wawili. Nikaichukua mimi. Ndiyo hiyo unayoijua, yenye kioo kilichopasuka. Togolani akahamia ng'ambo ya barabara, tukawa kila asubuhi tunafungua milango tukitazamana kama majogoo.

Ndipo likaja gari la Mwalimu Yonazi.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa kule kwetu Suji, mtu mrefu sana, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango kwa mazoea tu. Mwanawe wa pekee alifia ughaibuni. Jeneza lilikuja kwa ndege, na miezi baadaye gari lake likaja kwa meli. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili, limelala chini karibu ligusane na lami, na taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka. Same nzima ilikuja kulitazama. Wafugaji walioleta ng'ombe mnadani waliacha ng'ombe. Mwalimu alikuwa analiendesha polepole, amepiga tai, magoti yamefika kwenye usukani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba gari lile si la milima yetu. Ulikuwa unamwona anavyolifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, unanyamaza.

Gari lilikuwa na ugonjwa. Likitoka Makanya kupanda Suji, kwenye kona ya pili au ya tatu, linazima. Halikohoi, halisitisiti, linazima tu. Mwalimu anashuka, anasimama kando dakika tano, anapanda tena, linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Akaniletea mimi.

Unaujua ugonjwa wa namna hiyo, nimekufundisha mwenyewe. Kilichokufa kabisa hakisumbui, unakipata. Kinachosumbua ni kile kinachokufa na kufufuka. Nilipima betri, nikasugua ethi zote, pale nyaya zinaposhika bodi, mpaka zikang'aa, nikafungua fyuzi moja moja, nikatikisa kila waya injini ikiwa inaunguruma. Hakuna kitu! Nikaliendesha mpaka Kisiwani na kurudi. Nikalipandisha hizo kona za Suji mara mbili kwa siku moja, linaruka kama mbuzi. Nikamrudishia Mwalimu. Kabla hajafika mwembe wa kwanza pale kijijini kwao, limezima.

Mara tatu hivyo. Kwangu linatembea, kwake linazima. Mara ya tatu Mwalimu aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Nami, badala ya kumwambia, "Mwalimu, twende wote, wewe uendeshe mimi nikae kando," nilijibu kwa kiburi, "Mwalimu, labda ni uendeshaji." Wee! Kumwambia mtu mzima, tena gari la marehemu mwanawe. Ningefunga mdomo siku ile na kupanda naye hadi kona ya tatu, barua hii nisingekuwa naiandika.

Akalipeleka ng'ambo ya barabara. Togolani alikaa nalo nusu siku tu. Likapanda Suji bila kuzima, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi.

Jumapili moja baada ya ibada, kule kule Suji, watu wamesimama nje wanasalimiana, Mwalimu akaniita mbele ya wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee hao. Togolani alikuwa kando yake, ameshika rile moja kuukuu mkononi, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta.

Mwalimu akasema taratibu, "Fundi, ungeniomba ningekupa. Kwa nini uchukue kitu cha marehemu?"

Nikamwuliza kitu gani. Togolani akainua ile rile kila mtu aione. "Hii si ya gari hili. Ya asili imechomolewa, ikawekwa hii."

"Mwongo wewe! Hiyo ndiyo iliyokuja na gari!"

"Basi waeleze wazee," akasema, na alikuwa anatabasamu, Namsifu, alitabasamu, "mbona likiwa kwako halizimi, likiwa kwa mwenyewe linazima? Akitaka kulijaribu anarudisha ya asili. Akimaliza anachomoa."

Lo! Ilikaa vizuri mno. Hata mimi, kama si mimi, ningeiamini. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni, ulikuwa una homa siku hiyo, na niliona wanawake wenzake wanavyomkazia macho. Wazee wakakaa vikao viwili. Wakasema hakuna ushahidi kamili, ila nipumzike kidogo uzee wa kanisa. Nipumzike! Watu wanatutania kwamba Mpare akiibiwa kuku anauza ng'ombe ili kesi ya kuku ifike mahakamani. Mimi nilikuwa tayari kuezua bati la nyumba niliuze. Nilikwenda kwa mtendaji, nikaenda kwa mchungaji, nikaenda kwa kila mwenye sikio. Mama yako ananiambia, "Baba Namsifu, kisasi ni cha Bwana." Namjibu, "Bwana ana mambo mengi, nitamsaidia."

Nilijua Togolani anadanganya. Nisichojua ni wapi uongo wake ulipofichwa.

Nikaupata miezi mitano baadaye, siku ya Jumanne. Togolani alikuwa Kihurio msibani. Gari la Mwalimu likazima mbele ya mlango huu. Mzee wa watu ana ahadi na daktari, hana la kufanya, akanipa ufunguo bila kunitazama. "Usiguse kitu. Nilindie tu."

Nikalisukuma ndani. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika mara zote tatu. Kwa kuwa sikuwa naliendesha, nilikaa kwenye kiti cha dereva jinsi Mwalimu alivyokiacha, kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Miguu yangu haikufika kwenye pedeli. Mimi ni mfupi, unanijua, na kila gari ninalopanda kitu cha kwanza ni kuvuta kiti mbele. Nikazungusha ufunguo nusu ili nisikilize pampu ya mafuta kule nyuma. Kimya. Nikavuta kiti mbele. Pampu ikavuma. Nikarudisha nyuma. Kimya. Mbele, ikavuma. Nilifanya hivyo labda mara ishirini, nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikainua zulia. Chini ya reli ya kiti palikuwa na nyaya mbili zisizokuwa za kiwanda, zimefungwa tepu nyeusi ya plastiki ya Togolani, zinakwenda kwenye kiswichi kidogo ubavuni mwa kiti. Swichi ya siri ya kuzuia wezi! Unajua tunavyofunga hizi swichi: fundi na mwenye gari tu ndio wanaojua ilipo, na mwenye gari anaapishwa asimwambie mtu. Togolani ndiye aliyeifunga gari lilipofika tu, na bila shaka alimwambia Mwalimu asimwambie fundi yeyote, hasa mimi. Mwalimu alikuwa mtu wa neno lake. Aliniletea gari na kunificha mahali penye ugonjwa. Waya mmoja ulikuwa umepita chini ya reli. Mtu mrefu akirudisha kiti, akaegemea kwenye mlima, reli inaubana, na ndani ya ngozi yake ulishakatika. Akishuka kungoja, uzito unatoka, ncha zinagusana, gari linawaka. Togolani alijua mara moja ni kazi yake mbovu. Akausogeza kidogo, akauzungushia tepu, na kwa kuwa mtu lazima abebe lawama, akanitwika mimi.

Hii ndiyo sababu nakusumbua kila siku, "Kaa kama anavyokaa mwenye gari." Ulidhani ni ukali wa uzee.

Sasa sikiliza vizuri. Siku ile nilikuwa na ushahidi wote. Ningemngoja Mwalimu arudi kwa daktari, nimkalishe kwenye kiti chake, nimwambie asikilize pampu. Mbele, nyuma. Dakika moja tu. Angelia yule mzee, angenishika mkono, na Jumapili angesimama kanisani aseme. Uzee wangu ungerudi, jina langu lingerudi, na gari la mwanawe lingepona kabisa.

Sikumngoja. Nilikaa pale nimeshika ule waya, nikaanza kufikiri kwamba kusafishwa hakutoshi. Mimi nilichafuliwa watu wamesimama wananitazama. Nilitaka na yeye achafuliwe watu wamesimama wanamtazama. Na Jumamosi ile Togolani alikuwa anamwoza mdogo wake, Nakundwa, kanisani Suji, na gari la bibi harusi lilikuwa hili hili jekundu. Togolani alikuwa ametangaza mji mzima kwamba yeye ndiye fundi wa gari hilo.

Nikaurudisha waya mahali pake pabaya. Nikaona huenda ukateleza ukatoka, nikaufunga usitoke. Nikaukaza penye jino la reli kwa tepu yangu mwenyewe, ile ya kitambaa, nikapima kwa mkono kwamba kwenye lami utavumilia na kwenye mlima utabanwa. Ilikuwa kazi safi. Sijawahi kutengeneza kitu kwa makini kama nilivyoharibu kile. Mwalimu aliporudi nikamwambia, "Nimelinda tu." Likawaka, akaondoka.

Na nilifurahi, mwanangu. Wasikudanganye wanaosema kisasi hakina utamu. Siku nne zile nilikula vizuri, nililala vizuri, nilikuimbia wewe nyimbo. Mama yako akadhani nimesamehe, akamshukuru Mungu.

Alhamisi mbiu ya msaragambo ikapigwa, kila nyumba itoe mtu mmoja wa kutengeneza barabara kwa ajili ya harusi. Nikaenda. Tukajaza mashimo, tukafyeka kando. Kwenye kona ya tatu, penye lile bonde upande wa kushoto, mzee aliyekuwa anasimamia akatuambia mimi na mwenzangu tulete jiwe kubwa tuliweke ukingoni. "Gari likirudi nyuma likute kitu," akasema. Tulilibeba tukitukana. Nilitaka kumwambia halina maana.

Jumamosi nikasimama hapo hapo kona ya tatu. Watu wengine walikuwa kanisani wanapanga viti, mimi nilikwenda kuchagua mahali pa kuonea. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nikasikia vigelegele kutoka chini, honi, msafara unapanda. Gari jekundu mbele, Mwalimu na tai yake, Nakundwa kando yake na shela. Nyuma yao gari la Togolani, halafu gari la kwaya lenye mama yako na wewe. Ndivyo nilivyojua mimi. Ulikuwa na miaka mitano, mbeba maua. Nilikuaga asubuhi ukiwa mapajani mwa mama yako.

Likafika kona ya tatu, likazima.

Nikasema moyoni, haya sasa, Togolani, shuka tukuone.

Halafu likaanza kurudi nyuma. Injini ikizima, breki za gari lile zilikuwa nzito kama jiwe, na Mwalimu alikuwa mzee. Nililijua hilo. Fundi gani asiyelijua? Katika hesabu zangu zote za siku nne, za aibu na za vicheko, hilo sikuliweka. Lilirudi likielekea kushoto, bondeni, na kwenye kioo cha nyuma nikaona kitu cheupe kidogo kimesimama kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hakimtoshi mtu mzima.

Ulikuwa wewe. Nakundwa alikuwa mwalimu wako wa Jumapili, na pale Makanya akasema, "Kiti hiki cha nyuma kinamtosha Namsifu tu, mnipe." Mama yako akakupa.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka gurudumu la nyuma likigonga lile jiwe, gari likatikisika, likakaa. Jiwe lile lile, Namsifu. Mimi nilikuwa bado nakimbia, Togolani akawa ameshafika. Kumtoa mtu kiti cha nyuma kwenye gari la milango miwili lazima uinue kiti cha mbele. Akamtoa Mwalimu, akaingiza mkono chini ya kiti, na nikaona mkono ule umesimama. Alikuwa ameigusa tepu yangu. Plastiki na kitambaa havifanani hata gizani, na Same nzima ni mimi peke yangu ninayefunga kwa kitambaa.

Akakutoa. Umelegea kwa hofu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Akakubeba mpaka niliposimama, watu wote wanatazama. Angeweza kusema neno moja tu pale, wangenipiga mawe. Akanyoosha mikono.

"Shika mwanao, fundi."

Na chini ya kiganja chako, kwenye kiganja changu, akanibandika kipande cha tepu yangu ya kitambaa.

Hakusema kitu. Siku ile, wala kesho yake, wala kwa wazee. Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu akisema tepu atalazimika kusema swichi, na akisema swichi uongo wake wa rile utajulikana. Hilo linanitosha siku nyingi. Siku nyingine halinitoshi.

Nilichokitaka nilikipata chote. Nakundwa alipanda mlima kwa miguu, shela limejaa matope, ndugu za bwana harusi wakanung'unika kwamba ni mkosi. Watu wakamsema Togolani mpaka basi: fundi gani gari lake linamzimia dada yake? Wateja wakahama ng'ambo, wakaja kwangu. Kabla mwaka haujaisha akafunga mlango, akahamia Moshi. Nilimshinda. Nikabaki peke yangu barabarani, hakuna wa kutazamana naye asubuhi.

Ila Mwalimu. Mwalimu alisukumiwa gari lile mpaka nyumbani kwake, akalifunika turubai, akasema hataliendesha tena, limemkataa. Nami sikuweza kwenda kumwonyesha. Ungekwendaje? Ushahidi wangu wote ulikuwa ule waya, na nilipoufunga kwa tepu yangu ukawa ushahidi dhidi yangu. Miaka kumi na miwili alinipa mkono kanisani kwa adabu, kama anavyopewa mwizi aliyeachiwa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, fundi." Hakuniita jina tena. Mwaka juzi tulipomzika nilikwenda nyuma ya nyumba, nikainua turubai. Kuku wametagia kwenye kiti cha mbele. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha Mwalimu, pale pale, nikakuta kiatu chako.

Hicho ndicho ulichokililia wiki nzima. Tulikwambia kimeanguka njiani.

Sasa unaelewa kwa nini ulipokuja mwezi uliopita na simu mkononi, umechangamka, unasema umepata kazi kwenye gereji kubwa Moshi na mwenyewe anatujua, nilikaa chini. Ukanisomea ujumbe wake: "Mwambie baba yako nakusubiri, na namsalimu sana." Namsalimu sana! Wiki tatu nimeipima salamu hiyo kila upande. Anataka kunifanyia wema anichome nao? Anataka akuweke kwenye benchi lake, aninyang'anye mtoto mbele ya watu kama nilivyomnyang'anya mji? Au amezeeka tu? Sijui. Nimetikisa kila waya, na sijapata.

Nilikuwa na mpango mwingine, nao nitausema. Nilitaka uende ukawe bora kuliko yeye. Nilikufundisha kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe, tangu una miaka kumi nilikuwa nakunoa kama kisu. Kila mara ulipopata ugonjwa wa gari kabla yangu nilijisemea, ngoja amwone huyu. Juzi nikakuona unaukung'uta ufagio wangu, unaimba, unapanga bisibisi zako kwa ukubwa, nikaona wewe si kisu cha mtu. Na mtu niliyekuwa nakunolea ndiye aliyekutoa kwenye lile gari niliposhindwa kufika.

Usinielewe vibaya. Sijamsamehe. Aliniita mwizi, na Mwalimu amekufa akiamini. Nikimwona nitamchukia kama jana. Namchukia kwa ile rile, na namchukia zaidi kwa kukubeba, maana kwa la kwanza niliweza kumlipa. Mama yako akisoma hii atasema hiyo si Kikristo. Mwambie najua. Na mwonyeshe barua, maana hata yeye hajui. Mimi sina ulimi wa kumwambia.

Sanduku lako la vifaa nimelipanga mwenyewe, lipo mlangoni. Ndani kuna mita, ile yenye kioo kilichopasuka. Nusu ni yake, mpe akaitumie au mkaitumie wote, shauri lenu. Chini ya koleo kuna kiatu cheupe. Hicho ni chako.

Kesho alfajiri nitakuwa nimevaa koti langu la kanisani. Ukitoka umelibeba sanduku mwenyewe, nitaelewa, nitakuaga pale getini na mama yako, na sitakuuliza neno. Una haki. Ukiliacha mlangoni, nitalibeba mimi, tutapanda basi wote, nitalitua miguuni kwa Togolani na kumrudishia maneno yake mwenyewe. Shika mwanangu, fundi. Yatanikwama, lakini nitayasema.

Baba yako,
Zefania